Gitaa la Barabarani

Kaka yangu alikufa kando ya barabara ya Sake kwa sababu hakutaka gitaa lake lilowe. Nalisema hilo mwanzoni kwa kuwa baadaye, kwenye kikao cha ukoo, habari ilipindishwa mpaka mgeni angedhani mkewe ndiye aliyemuua. Mimi nilikuwepo tangu siku magitaa yalipoanza kujadiliwa. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, nami nilikuwa msaidizi wa masista kwenye dispansari mjini Goma. Sista mmoja alikuwa akituambia kila mgonjwa alipoletwa: kwanza sema ulichoona, halafu ndipo useme unachofikiri. Nitajaribu kufuata utaratibu huo.

Kaka alikuwa boyi-shoferi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye kamio, yaani lori, iliyopanda milima ya Masisi kuchukua kahawa. Kazi yake ilikuwa kupakia, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kamio ilipochoka mlimani, na kulinda mzigo ilipoharibika. Sisi ni watu wa milima hiyo. Yeye alichunga ng'ombe mpaka akaota ndevu, ndipo akashuka mjini.

Alikuwa na magitaa mawili. La kwanza alikuwa amelitengeneza mwenyewe kwa mbao nyembamba za sanduku la chai, akalitia nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Maandishi ya sanduku yalikuwa bado yanasomeka ubavuni. Hilo ndilo alilosafiri nalo. Lilifungwa kwa kamba juu ya magunia, likanyeshewa, likakauka, likapinda, akalikaza nyuzi, likaimba tena. Nililiona likitumika kama kiti, kama mto wa kulalia, na mara moja kama ungo wa kuchambulia maharagwe. La pili lilikuwa gitaa la dukani, la rangi ya asali, linalong'aa hata uwani pasipo jua. Lilikuja kwa meli kutoka Bukavu. Ili kulipata alikosa viatu muda mrefu. Hilo lilikaa nyumbani, ukutani, limefunikwa kitenge.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda nyumbani kwa kaka, mtaa wa Murara. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, ameketi mlangoni akisugua sufuria kwa jivu.

"Wifi, tazama vizuri," aliniambia kabla sijaketi. "Kwa ukuta huu, gitare. Kwa ukuta ule, gitare. Sufuria iko wapi? Ni hii moja. Asubuhi inachemusha maji ya kuoga, muchana inapika maharagi, magaribi inachemusha nguo. Mutoto akizaliwa, tutamuogesha ndani ya maharagi?"

Kaka alikuwa ndani, amelala chali kitandani. "Atatoka na nguvu," alisema.

"Atatoka na harufu."

Tulicheka wote watatu. Kisha mkewe akaacha kusugua. "Papa, mimi sichezi. Gitare moja itoke, sufuria iingie. Sisemi ni gani, utachagua weye. Lakini ukiniuliza, toa ile ya kungaa. Ile tutapata sufuria mbili na bulangeti. Ile ingine hakuna mutu wa kuitaka, na kwa barabara ndiyo inakusaidiaka."

Nami nilifikiri hivyo, nikasema hivyo. Nilimuuliza kaka, ambaye nilimwita yaya kama tunavyomwita kwetu ndugu mkubwa: "Yaya, ukitoa ya sanduku, utapanda Masisi na ile ya dukani? Na mvua yote ile?"

Kaka alitoka, akaketi juu ya jiwe jeusi mbele ya nyumba, akatueleza jambo ambalo hakuwa amelisema. Mwezi uliotangulia kamio ililala Masisi, kwenye kijiji chenye arusi, wakamwita apige. Alipofika na gitaa lake la sanduku, mwenye arusi akapaza sauti: "Mama, mulete maji ya moto, chai imefika!" Wakamketisha upande wa mbuzi. Kila alipomaliza wimbo mtu alidai sukari.

"Ni mizaha," mkewe alisema.

"Bibi-arusi mwenyewe alicheka," alisema kaka. Alilisema polepole, kama mtu anayeonyesha mahali panapouma. "Ni kwetu kule. Ni batu walioniona nikichunga. Mutu mwenye gitare ya kweli hatembeake na sanduku. Ya sanduku itoke."

Mkewe alimtazama, akanitazama mimi. "Umechagua weye," alisema.

"Nimechagua mimi."

Hayo ndiyo niliyoyasikia, na ndiyo maneno yaliyosemwa.

Kesho yake tulikwenda sokoni Birere sisi wanawake wawili, mimi nimebeba gitaa kichwani kwa kuwa yeye hakuweza. Fundi wa masufuria aliligeuza huku na huku, akasoma maandishi ubavuni, akauliza kama majani ya chai yamo bado ndani. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kelele za sokoni, akaona litavuta wanunuzi. Alitutolea sufuria kubwa, mpya, nyeupe kama yai, akalitundika gitaa juu ya kibanda chake palepale kabla hatujaondoka. Wifi yangu aliibeba sufuria mpaka nyumbani juu ya tumbo, ameikumbatia. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, aliogeshwa ndani yake.

Siku kaka alipopanda kamio na gitaa la dukani kwa mara ya kwanza nilikuwa kwenye ghala la kahawa karibu na ziwa, nimetumwa na masista kumwona mpakiaji aliyepondwa kidole. Dereva alikuwa mzee wa mdomo mwepesi. Alipoliona gitaa limefungwa kitenge cha mkewe alianza kupiga makofi.

"Ee! Leo tuna bibi ndani ya kamio! Na mahari alilipa nani?"

"Endesha tu, muzee," kaka alisema.

"Ninaendesha, lakini ninakuambia. Ile ingine ulikuwa unaitupa kama gunia. Hii utaichunga kama ngombe. Mvua ikikuja, nani ataingia kabini, weye ao yeye?"

"Tutaingia wote wawili. Yeye hana kilo."

Vijana wa ghala walicheka. Kaka pia alicheka.

Miezi iliyofuata niliona mabadiliko, nayo yalikuwa haya. Njiani hakupiga tena, kwa kuwa vumbi la barabara ya mawe meusi lingeingia ndani ya gitaa. Mvua ilipoanza aliinama juu yake na mgongo wake ndio ulionyeshewa. Alianza kukohoa. Alikuja dispansari mara kadhaa, nikampa dawa, nikamwambia avae koti. Alisema koti analo. Sikujua wakati huo koti lilikuwa linavaliwa na nani. Kwenye arusi, ni kweli, walimweka sasa mbele, karibu na wazee, na hakuna aliyemwitia maji ya moto. Aliporudi kutoka huko uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Mkewe alisema, "Anarudiaka amelowa, lakini anarudiaka na furaha. Niseme nini?"

Halafu ikaja masika.

Dereva aliingia dispansari asubuhi, amejaa matope mpaka kiunoni, na hakutania. Alisema kamio ilikatika ekseli jana magharibi kabla ya kufika Goma, upande huu wa Sake, mvua kubwa ikinyesha. Yeye alipata nafasi kwenye gari lililopita, akaja kutafuta kipuri. Kaka yangu alibaki na mzigo. "Nimerudi huko saa hii," alisema, "yeye iko chini kwa shimo, ninaita na hajibu. Batu wa pale wananikataza kushuka. Kuja, mama. Weye ni mutu wa dawa."

Nilikwenda naye kwa gari alilopewa na bosi. Nitaeleza nilivyokuta.

Kamio ilisimama imeinama ubavu mmoja. Turubai lilikuwa limefungwa vizuri juu ya magunia, yaliyojaa mpaka juu, pasipo nafasi hata ya paka. Chini ya kamio maji ya mvua yalikuwa yamepita na bado yalikuwa yanatiririka. Nilifungua kabini. Paa lilivuja upande wa dereva, na kiti upande huo kilikuwa kimelowa chapachapa. Upande wa pili kilikuwa kikavu, na juu ya kile kikavu lilikuwa limelazwa gitaa, limefungwa kitenge, na juu ya kitenge koti la kaka, mikono ya koti imezungushwa na kufungwa fundo. Niligusa. Ndani hakukuwa na tone.

Wanaume wa mahali pale, wakulima wa ndizi, walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa shimo kando ya barabara. Halikuwa shimo la kutisha. Lilikuwa bonde dogo la nyasi kati ya mawe meusi, lenye kina kama urefu wa nyumba, pasipo upepo, zuri kwa macho. Kaka alikuwa amekaa chini kule, mgongo kwenye jiwe, mikono kifuani, kichwa kimeinama kama mtu anayesinzia kanisani. Hatua chache kutoka kwake walilala ndege wawili.

Nilianza kushuka. Mwanamume mmoja alinivuta kwa nguo.

"Mama, hapana. Ni mazuku."

Neno hilo nililisikia dispansari, lakini sikuwahi kuona. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini katika sehemu hizo za mawe ya volkano. Haina harufu wala rangi. Hutulia kwenye mabonde kama maji, hasa kukiwa kimya bila upepo, na mtu akiingia humo husinzia tu. Yule mwanamume alifunga majani makavu ya ndizi kwenye ufito mrefu, akayawasha, akayateremsha ili nione. Yaliwaka vizuri mpaka karibu na kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa. Hapo moto ulizimika. Hapakuwa na upepo wowote uliouzima. Aliwasha tena, akateremsha tena, ukazimika palepale.

"Kila mutu wa hapa anajua," alisema. "Huyu alikuwa mutu wa wapi?"

"Wa milima," nilisema.

Wakaelewa, na mimi nikaelewa. Kule Masisi, mvua ya upepo ikikukuta na ng'ombe, hukai juu. Unashuka kwenye bonde, unajibana kwenye jiwe, ng'ombe wanakuzunguka, upepo unapita juu ya kichwa chako. Tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo, nasi tulilala hivyo mara nyingi tukaamka. Kaka alifanya kile ambacho kilimwokoa maisha yake yote. Aliliachia gitaa mahali pakavu, akajitafutia mwenyewe mahali pa mchungaji.

Tulingoja jua lipande na upepo uanze. Kisha mwanamume mwingine alijifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi, akashuka mbio na kamba ya pili. Alipanda macho yamemtoka. Tulimvuta kaka juu kama mzigo. Hakuwa na jeraha. Nilimkagua mwili mzima, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, na hakukuwa na kitu.

Makaburi ya Goma huchimbwa kwa mtaimbo na nyundo, kwa kuwa chini ni mwamba. Kelele zake hutoka asubuhi hadi alasiri, na msiba mzima huzisikia. Baba mkubwa wetu, aliyekuwa mkuu wa ukoo tangu baba kufa, alishuka kutoka Masisi na wazee wengine wawili. Walikaa nasi siku zote za kilio. Maharagwe ya waombolezaji yalipikwa katika ile sufuria kubwa, kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya kutosha.

Kilio kilipokwisha, vitu vya marehemu vilitolewa nje vigawanywe, kama ilivyo desturi. Havikuwa vingi. Gitaa la dukani liliwekwa juu ya mkeka, na hakuna aliyeligusa. Baba mkubwa aliuliza kwa nini kijana wake alisafiri na kitu cha namna hiyo.

Dereva, ambaye alikuwa amekuja kuaga, alijibu bila ubaya wowote. "Muzee, zamani alikuwa na ingine, ya sanduku. Ile ililalaka inje. Kama angekuwa na ile, angelala kabini."

"Ile ilienda wapi?"

Mwanamke mmoja wa ukoo alielekeza kidole kwenye jiko. "Walibadilisha na sufuria. Ile pale."

Wazee waligeuka wakaitazama sufuria. Walikuwa wamekula ndani yake siku zote hizo. Baba mkubwa alijifuta mdomo kwa mkono, ingawa hakuwa anakula.

"Nani alitaka sufuria?" aliuliza.

Wifi yangu alikuwa ameketi chini, mtoto kwenye titi. Nilijua jibu litakavyokuwa, kwa kuwa jibu lilikuwepo: yeye alitaka sufuria, lakini mume ndiye aliyechagua gitaa la kutoka, na alichagua akishauriwa vingine. Nilisimama kusema.

"Ni mimi," wifi yangu alisema.

"Ulitaka sufuria, ao ulitaka ile gitare itoke?"

"Yote ni mimi."

"Si hivyo," nilisema. "Baba mukubwa, nilikuwa ndani ya nyumba. Yaya ndiye..."

"Mama ya dispansari," baba mkubwa alisema bila kunitazama, "uliulizwa? Mwenye neno amesema."

Nilisema hata hivyo. Nilianza na Jumapili ile baada ya misa nikaenda kwa mpangilio, mtu baada ya mtu, mpaka kwenye neno "nimechagua mimi." Wazee walinisikiliza kama wanavyosikiliza mvua. Nilipomaliza, baba mkubwa alimwuliza mjane tena, nami nilimwona akitikisa kichwa. "Wifi ananipenda," alisema. "Anatafuta kunisaidia."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Gitaa la dukani lilichukuliwa na baba mkubwa. Mjane angerudi kwa wazazi wake, mlima mwingine, si kwetu. Mtoto angemfuata kwa sababu ya maziwa tu. Akianza kula bugali mwenyewe, ukoo ungekuja kumchukua, kwa kuwa mtoto wa kiume halelewi na mikono iliyomkosesha baba. Hivyo ndivyo ilivyosemwa.

Nilimfuata wifi yangu kwenye bomba la maji. Nilikuwa na hasira, na nilimwambia. Yeye alinawa uso, akanawa tena.

"Wifi, sikiliza," alisema. "Ningesema yeye alichagua, wangeuliza sababu. Ningesema sababu ni nini? Ni arusi? Ni bibi-arusi kucheka? Kule Masisi wangeimba hiyo maneno mpaka mutoto huyu akuwe mukubwa. 'Baba yako alikufa juu ya kutaka kungaa.' Afazali waseme mama yake alikuwa mubaya. Mama mubaya, iko wengi."

"Na wakimuchukua?"

Alibeba ndoo, akaenda.

Siku ya safari yake nilimkuta Birere, mbele ya kibanda cha fundi wa masufuria. Alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria mikononi. Fundi alikuwa anaichungulia kwa huzuni.

"Mama, nilikupa sufuria nyeupe, unanirudishia usiku."

"Imepikia kilio, papa. Sugua, itarudi."

"Na unataka ile gitare? Ile imeshapigwa na soko nzima. Ndege ametaga ndani."

"Ndiyo ninataka."

Alilishusha. Uso wa gitaa ulikuwa umefifia kwa jua, uzi mmoja umekatika, maandishi ya chai hayasomeki tena vizuri. Wifi yangu alipuliza vumbi, akaingiza mkono kwenye tundu akatoa majani makavu, akalibana chini ya kwapa. Nilimwuliza kwa nini hakubaki na sufuria, kitu chenye kazi.

"Wale wazee walikula ndani," alisema. "Mimi sitaweza kupikia mutoto humo." Kisha akaongeza: "Nayo hii, ikivunjika, ivunjike. Akicheza nayo kwa matope, acheze."

Kamio iliyopanda Masisi siku hiyo ilikuwa ile ile, ekseli mpya, na dereva yule yule. Tangu kikao alikuwa amekonda. Alijua ulimi wake ulifungua nini, na hakuna aliyemlaumu, jambo ambalo nadhani lilimwumiza zaidi. Alimfungulia wifi yangu mlango wa kabini mwenyewe.

Mawingu yalikuwa yameshashuka kutoka milimani, na matone ya kwanza yalianza kuanguka, makubwa, moja hapa moja kule, yakiacha alama nyeusi kwenye vumbi. Wifi yangu alinipa mtoto nimshike. Alipanda gurudumu, akalirusha gitaa juu ya turubai, akalifunga kwa kamba, fundo moja tu.

"Mama, lete hapa ndani," dereva alisema. "Nafasi iko. Paa nilishatengeneza."

"Hapana, muzee. Hii ni ya inje."

Alishuka, akamchukua mtoto, akaingia kabini upande uliokuwa mkavu siku ile. Aliketi katikati kabisa ya kiti, akapanua miguu, akamlaza mtoto mapajani, akavuta mlango mwenyewe. Mvua ikaanza kweli. Kamio ilipogeuka kushika barabara ya Sake nilikuwa bado nasikia maji yakipiga lile sanduku juu ya magunia.